Daftari Lililoungua na Mzee Aliyekumbuka

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyonena wahenga, na kwa watu wa mwambao, ambao baba zao waliishi kwa biashara ya bahari, methali hiyo haihitaji kufafanuliwa. Ila wahenga hawakusema itakuwaje pale daftari lenyewe litakapopotea. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Julai 1825, katika uwanja wa Lord's mjini London, jumba la wachezaji wa kriketi liliteketea kwa moto. Lilikuwa jumba la klabu ya Marylebone, iliyoasisiwa mwaka 1787 na kushika mamlaka ya sheria za mchezo huo, na ndani yake zilihifadhiwa kumbukumbu za miaka mingi: hesabu za mechi, majina ya wachezaji, tarehe za mapambano. Kulipopambazuka palikuwa na majivu. Kwa usiku mmoja kriketi ilipoteza sehemu kubwa ya habari za utoto wake.

Miaka minane baadaye, yaani 1833, kilichapishwa kitabu kidogo kiitwacho The Young Cricketer's Tutor. Jina lake ni la mwongozo wa vijana wanaojifunza mchezo, na nusu yake ya kwanza ni mwongozo kweli: namna ya kusimama, namna ya kushika gongo, namna ya kuurusha mpira. Nusu hiyo ni kavu, na leo husomwa na wachache. Roho ya kitabu imo katika sehemu ya pili, The Cricketers of My Time, ambayo ilikuwa imekwisha kutoka kwa vipande katika gazeti la The Town mwaka 1832. Humo mzee aliyekaribia miaka 70, John Nyren, anawakumbuka wachezaji wa kijiji chake cha Hambledon, katika kaunti ya Hampshire, kusini mwa Uingereza, na uwanja wao uliokuwa juu ya kilima cha Broadhalfpenny. Daftari la jumba kubwa lilikwisha kuungua. La kijiji lilikuwa kichwani mwa mzee. Thamani ya kitabu hiki yaanzia hapo, na hatari yake vilevile.

Kwa asiyeujua mchezo, maneno machache yatatosha. Mrushaji huurusha mpira kuelekea vijiti vilivyosimikwa ardhini. Mpigaji huvilinda vijiti hivyo kwa gongo, na akiupiga mpira mbali hukimbia kutoka upande mmoja hadi wa pili ili kupata mikimbio. Ni mchezo wa subira, unaoweza kuchukua siku nzima au siku kadhaa, na kwa hiyo ni mchezo unaohitaji mahali pa kungojea. Wachezaji wengi wa upande unaopiga huwa wamekaa tu, wakingoja zamu, wakila, wakinywa, wakisema. Mahali hapo pa kungojea ndipo palipozaa pavilioni, yaani jumba la pembezoni mwa uwanja. Anayetaka kuijua tabia ya uwanja wa kriketi na atazame kwanza mahali pake pa kungojea, maana humo ndimo mchezo unamogeuka kuwa hadithi.

Pale Broadhalfpenny, kazi hiyo ya kukusanya watu na maneno ilifanywa na nyumba ya wageni iliyouza pombe, ng'ambo ya barabara, iitwayo Bat and Ball. Mwenye nyumba alikuwa Richard Nyren, baba wa mwandishi, na huyo huyo ndiye aliyekuwa nahodha wa timu. Kwa hiyo John Nyren, aliyezaliwa mwaka 1764, aliufungua macho uwanja huo kama mtoto wa nyumba aufunguavyo macho ua wa kwao. Kilima chenyewe kiko mbali kidogo na kijiji, kirefu, kitupu, chenye upepo usiopoa. Moja ya habari za mapema za mchezo mahali hapo ni tangazo la gazeti la mwaka 1756 la mtu aliyepoteza mbwa wake kwenye mechi. Ni mwanzo usio na fahari yoyote, na pengine ndiyo maana unaaminika: aliyeandika hakuwa akiandika historia, alimtaka mbwa wake.

Katika miaka ya 1760 na 1770 klabu ya Hambledon ilipata nguvu ya kushangaza. Mwezi Juni 1777, huko Sevenoaks katika kaunti ya Kent, timu yake ilipambana na timu iliyokusanywa kutoka Uingereza nzima. Waingereza walipata mikimbio 166 katika zamu ya kwanza na 69 katika ya pili. Hambledon walipata 403 katika zamu moja, na kati ya hizo 167 zilikuwa za mtu mmoja, James Aylward. Takwimu za namna hii zinaweza kuandikwa na karani yeyote. Nyren hakuwa karani. Alichokiweka ni kile ambacho hesabu haikiwezi: mkono wa mtu ulivyokuwa, mwendo wake, cheko lake, na jinsi alivyokasirika.

Mbinu ya kitabu ni nyepesi kuieleza. Mzee huwaita watu wake mmoja baada ya mwingine, kama mashujaa wanavyoitwa katika utenzi kabla ya vita kuanza, na kila mmoja humpa kwanza mwili, kisha kazi, kisha tabia. John Small alikuwa fundi viatu wa Petersfield, ambaye baadaye akawa mtengenezaji wa magongo na mipira, na alikuwa hodari wa fidla. Duke wa Dorset, mkabaila mkubwa aliyependa mchezo, alisikia habari za kipaji chake akamletea fidla nzuri iwe zawadi. Small akamrudishia Duke magongo mawili na mipira, na gharama ya kuvisafirisha akailipa mwenyewe. Nyren anaileta habari hiyo ya gharama kana kwamba ni jambo dogo, kumbe ndiyo kiini. Fundi viatu hakutaka kubaki na deni la heshima kwa mkubwa. Katika sentensi moja ya mzee mna somo zima la utu, na hakulitangaza kuwa ni somo.

Yuko Lambert, kijana mchungaji, aliyekuwa akisimika kiunzi cha zizi malishoni na kukirushia mpira saa nyingi huku kondoo wa baba yake wakijichungia, hata akavumbua mzunguko wa mpira ambao wapigaji hawakuwahi kuuona. Yuko Noah Mann, aliyekuja kwa farasi kila Jumanne kutoka maili zaidi ya 20 kwa ajili ya mazoezi tu, na ambaye akiwa mbioni juu ya farasi aliweza kuinama akaokota leso chini. Yuko Tom Sueter, mwenye sauti tamu ya kuimba. Yuko David Harris, mfinyanzi, mrushaji aliyeogopwa kuliko wote, aliyepatwa na jongo miguuni hata ikawa analetewa kiti cha mikono uwanjani, arushe mpira, kisha aketi. Picha hiyo ya mfinyanzi mgonjwa akiinuka kitini ili awashinde wazima ni miongoni mwa picha ambazo msomaji akishazipata hazimtoki.

Iko pia habari ya tarehe 22 Mei 1775, katika uwanja wa Artillery Ground, London. Zama hizo vijiti vya kulindwa vilikuwa viwili tu. Mrushaji aliyeitwa Lumpy Stevens, mtunza bustani wa bwana mmoja mkubwa, aliupitisha mpira mara tatu katikati ya vijiti viwili vya John Small bila ya kuvigusa, na Small akasalimika, akaendelea hadi timu yake ikashinda. Watu waliona kwamba haikuwa haki, kwani mrushaji alikuwa amefaulu bila ya kulipwa. Kijiti cha tatu kikaongezwa. Leo hii, katika kila uwanja wa kriketi duniani, vijiti ni vitatu, na kile cha katikati ni kumbukumbu ya bahati ya fundi viatu mmoja na uchungu wa mtunza bustani mmoja.

Hadi hapo kitabu kinastahili mapenzi yote kilichoyapata. Lakini mapenzi si uhakiki, na mambo matatu yanafaa kuulizwa.

La kwanza ni sauti: nani anayesema? Ukurasa wa jina unaeleza kwamba maneno ni ya John Nyren, na kwamba yote yamekusanywa na kuhaririwa na Charles Cowden Clarke. Clarke hakuwa mtu wa kawaida. Baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa shule ya Enfield alikosoma John Keats, na ni Clarke aliyemfungulia Keats milango ya ushairi. Alimjua Nyren kwa njia ya muziki, kupitia nyumba ya mwanamuziki Vincent Novello, ambaye Clarke alimwoa binti yake mwaka 1828. Basi kitabu hiki cha wakulima, wachungaji na wafinyanzi kilipitia mikononi mwa mtu aliyelelewa katika ushairi. Wako waliosema kwamba uzuri wake wote ni wa Clarke, na wako waliotetea kwamba ni wa Nyren. Dalili zilizomo kitabuni zinaelekea katikati. Mpangilio wa sentensi, na namna sura inavyofungwa, vina mkono wa mwandishi mzoefu. Lakini habari kwamba Small alilipa gharama ya mzigo, au kwamba Lambert alilazimika kufundishwa na nahodha auelekeze mpira wake upande gani wa vijiti, haiwezi kutungwa na mtu ambaye hakuwako. Clarke alitengeneza chombo. Maji ni ya kisima cha Nyren. Na la kumsifu Clarke ni hili: aliliacha jina la mzee mbele na lake nyuma, na wala hakulificha lake.

Wapenzi wa ushairi wa Pwani wana sababu ya kulifikiri suala hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi zama zile zile za Nyren, akafariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yangepotea lau Mwalimu Sikujua hangeyakusanya kutoka katika vifua vya waliokuwa wakiyahifadhi, akashirikiana na W. E. Taylor kuyaandika, hata William Hichens akayachapa katika diwani mwaka 1940. Nyuma ya kila sauti kuu ya zamani iliyofika leo mna mkono wa pili. Jina la mwenye mkono huo likisahauliwa, msomaji hajui tena ni wapi mshairi anaishia na ni wapi mkusanyaji anaanzia.

La pili ni ukweli wa habari. Klabu ilihama Broadhalfpenny mnamo mwaka 1782, ikaenda kwenye kilima cha Windmill Down kilicho karibu zaidi na kijiji. Wakati huo Nyren hakuwa amefika miaka 18. Kwa hiyo uwanja anaousifu zaidi ni uwanja wa utotoni mwake, na pombe anayoisifu kwa maneno makubwa kuliko yanayostahili pombe ni ile iliyouzwa na baba yake. Mtoto huona nyumba yao kubwa kuliko ilivyo. Nyren anasema kwamba watu wa Hampshire hawakuwa na ada ya kuugusa mpira uliopigwa hadi katikati ya umati wao, hata kama kuugusa kungeisaidia timu yao. Huenda ilikuwa hivyo mara nyingi. Kwamba ilikuwa hivyo kila mara, hilo ni neno la mapenzi.

Na mapenzi hayo yamezaa kosa ambalo halikuwa nia ya mzee. Kwa kuwa kitabu chake ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote, watu walianza kuamini kwamba kriketi ilizaliwa Hambledon. Haikuzaliwa huko. Mwaka 1598 shahidi mmoja aliapa katika mahakama ya Guildford kwamba alipokuwa mwanafunzi aliucheza mchezo huo, yaani yapata miaka ya 1550. Sheria zake zilikwisha kuandikwa London mwaka 1744. Mwaka 1745, katika kaunti ya jirani ya Surrey, wanawake wa vijiji viwili walipambana na gazeti likaiandika mechi yao. Katika safu ya mashujaa wa Nyren hamna mwanamke hata mmoja. Hambledon haikuwa tumbo lililouzaa mchezo. Ilikuwa mdomo uliousimulia. Aliyesimulia vizuri akawa kama ndiye aliyeanza.

La tatu ni fedha. Mechi hizo ziliwekewa madau makubwa, ya mamia ya pauni, na wakubwa waliokuja kutazama walikuja pia kucheza kamari. Nyren anayataja madau, kisha anawapitisha wachezaji wake juu yake wakiwa safi kama maji ya mvua. Lakini mwaka 1851 James Pycroft alichapisha The Cricket Field, na humo akaweka maneno ya William Beldham, mkulima aliyekuwa mpigaji bora wa kizazi cha mwisho cha Hambledon na ambaye Nyren anamsifu kuliko karibu wote. Beldham alikuwa mzee sana, naye hakuzunguka: alieleza jinsi wacheza kamari walivyowafuata wachezaji katika nyumba za pombe za London, na jinsi mechi zilivyouzwa. Alizungumzia zaidi miaka ya Lord's kuliko ya Broadhalfpenny, na hilo lazima likumbukwe. Hata hivyo msomaji mwenye vitabu viwili mkononi anaona kwamba kumbukumbu za mzee mmoja hazitoshi. Yahitajika ya pili kuipima ya kwanza. Nyren alikuwa amefariki mwaka 1837. Hakupata nafasi ya kujibu.

Iko hitilafu nyingine ndani ya kitabu chenyewe, na wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wataitambua bila ya kuonyeshwa. Nyren alikuwa adui wa mtindo mpya wa kuurusha mpira kwa mkono ulioinuliwa kando, badala ya mkono wa chini. Aliona kwamba vijana wanauharibu mchezo, kwamba wameiondoa hekima na kuleta nguvu tupu. Anayeukumbuka mgogoro wa arudhi wa miaka ya 1970, baina ya waliotaka vina na mizani na waliotaka mashairi huru, ataisikia sauti hiyo na kuijua. Lakini ni Nyren huyo huyo anayesimulia kwamba mtindo huo wa kando ulijaribiwa mapema na Tom Walker, mchezaji wa Hambledon, na kwamba wakubwa wa klabu ndio walioukataza. Na ni yeye anayemshangilia Lambert kwa kuleta mzunguko ambao hapakuwa na aliyeujua. Basi bidaa ilizaliwa nyumbani kwake, kati ya ndugu zake. Moja aliipenda, nyingine akaikataa. Mwaka 1835, miaka miwili baada ya kitabu kutoka, mtindo alioukataa ulihalalishwa. Mchezo haukufa.

Kuhama kwa klabu kutoka Broadhalfpenny kunastahili kutazamwa tena, kwa sababu hapo ndipo historia ya uwanja inapouacha wimbo na kurudi ardhini. Nyren anaeleza kwamba wakubwa, na Duke wa Dorset mbele yao, waliuona uwanja una upepo mkali na baridi. Wachezaji wa kijijini walikuwa wameustahimili upepo huo kwa miaka mingi. Wakubwa walipochoka, uwanja ulihama. Na walipovutika na London, klabu nzima ilififia. Katika kumbukumbu za vikao vya mwaka 1796 imeandikwa kwamba Thomas Paine, mwandishi wa Rights of Man, alihudhuria kikao kimoja cha mwezi Agosti. Paine wakati huo alikuwa Ufaransa na kwao alikuwa mtu wa kusakwa, hivyo yamkini ni mzaha wa mtu aliyeshika kalamu. Katika kikao cha mwezi Septemba karani akaandika kwamba hakuja muungwana yeyote. Hapo ndipo klabu ilipoishia. Mchezo wa fundi viatu na mchungaji ulikuwa umesimama juu ya mkono wa tajiri, na mkono ulipoondolewa ulianguka. Nyren hakulisema hili, lakini alilitandaza waziwazi kwa kila atakayetaka kuliona.

Ndiyo maana hadithi ya pavilioni inarudi. Jumba la Lord's lililoungua lilijengwa upya, na lile lililopo leo lilijengwa mwaka 1889 na 1890. Likawa jumba la fahari na la kumbukumbu, na likawa pia ua wa kutenga watu. Kwa miaka mingi katika viwanja vikubwa vya Uingereza waungwana waliocheza bila ya malipo na wachezaji wa kulipwa walivalia vyumba mbalimbali na kutoka kwa milango mbalimbali, ingawa walikuwa timu moja; mgawanyo huo ulifutwa rasmi mwishoni mwa mwaka 1962. Wanawake walikubaliwa kuwa wanachama wa klabu ya Marylebone mwaka 1998. Nyumba ya Richard Nyren nayo haikuwa pepo, kwani Duke alibaki kuwa Duke. Lakini humo mfinyanzi na mkabaila walinywa chini ya paa moja, na mtoto wa mwenye nyumba aliwasikia wote wawili. Jumba la aina nyingine lingemfanya asikie upande mmoja tu, na kitabu kingekuwa nusu.

Kwa upande wa uwanja wenyewe, ulikaa miaka zaidi ya 100 bila ya sifa. Mwaka 1908 lilisimamishwa jiwe la ukumbusho, na timu iliyobeba jina la Hambledon ikapambana tena na timu ya Uingereza na kushinda. Siku ya kwanza ya Januari 1929, katikati ya baridi, ilichezwa hapo mechi ya makusudi, na mmoja wa upande ulikuwa timu ya Invalids iliyoanzishwa na mshairi na mhariri J. C. Squire. Tangu mwaka 1959 uwanja una klabu yake inayoutumia. Ni vigumu kuamini kwamba lolote katika hayo lingetokea bila ya kitabu cha mwaka 1833. Kilima cha majani hakina sura ya kukumbukwa kuliko vilima vingine vya jirani. Watu walirudi kwa sababu walikuwa wamesoma.

Kitabu kikubwa zaidi kilichowahi kuandikwa juu ya mchezo huu kiliandikwa mbali na Hampshire. Ni Beyond a Boundary cha C. L. R. James wa Trinidad, cha mwaka 1963. Kinaanza kwa dirisha la nyumba ya kwao huko Tunapuna, lililoelekea uwanja wa kriketi wa mji huo. Mtoto wa miaka sita alisimama juu ya kiti akatazama mazoezi, na kutoka juu ya kiti hicho hicho mkono wake ulifikia vitabu vilivyowekwa juu ya kabati. James aliwaona Waingereza waliouunda mchezo huo zamani kuwa ni wakulima, mafundi na wachimba makaa, watu kama wale wa Nyren. Na aliyaona pia, kwa macho ya mtu aliyetawaliwa, yale ambayo Nyren hakuyatazama: rangi, tabaka, na nani anaruhusiwa kuwa nahodha. Vitabu viwili hivi vinastahili kukaa bega kwa bega. Cha kwanza kinafundisha kupenda mahali. Cha pili kinafundisha kupauliza mahali hapo maswali bila ya kuacha kupapenda.

Kitabu cha Nyren, basi, ni kitabu chenye upungufu kinachostahili kusomwa kwa ukamilifu. Kimekosea asili, kimenyamazia fedha, kimemwacha mwanamke nje ya mstari, na kimewagombeza vijana kwa kosa lililoanzia nyumbani. Lakini lau Clarke angengoja apatikane shahidi asiye na kasoro, asingeandika neno. Alimchukua mzee aliyekuwako, akakaa naye, akasikiliza, akaandika wakati pumzi ingali ndani. Miaka minne baada ya kitabu kutoka, Nyren akafariki, na mlango huo ukafungwa.

Hilo lina uzito kwa kila mji wa Pwani na visiwani. Kila mji una uwanja wake ambao sasa umejengwa, au umezungushiwa ua, au umeachwa kwa majani. Na una wazee wawili watatu wanaojua ni nani aliyecheza hapo, nani aliyeimba jioni, nani aliyelipia mipira, na nani aliyezuiwa mlangoni. Wakati mwingine hupangwa kwanza lijengwe jumba la kuhifadhia kumbukumbu zao, na jumba likikamilika wao hawapo. Moto wa mwaka 1825 ulionyesha kwamba hata jumba likiwapo halitoi dhamana. Daftari huandikwa mapema, huandikwa na zaidi ya mmoja, na hutajwa jina la aliyeliandika. Likikosewa, atapatikana Beldham wa kulisahihisha. Lisipoandikwa kabisa, hapana wa kusahihisha chochote.